Polarimita Haionji Utamu

Lori lilifika asubuhi na miwa iliyokuwa imelala shambani tangu mvua kubwa ianze. Barabara ya huko ilikuwa haipitiki. Sampuli ilipokamuliwa, maabara nzima ya kiwanda chetu cha sukari ilijaa harufu ya uchachu, na juisi ilipomiminwa kwenye bika haikudondoka, ilivutika. Niliichuja, nikajaza tyubu, nikashusha kifuniko cha polarimita, mashine yetu ya kupimia sukari, nikasubiri.

Namba ikatoka nzuri.

Si nzuri ya kushangilia, ila nzuri kuliko juisi ile ilivyostahili. Mwenye miwa alikuwa amesimama dirishani, mzee aliyewahi kuwa askari, Kiswahili chake ni cha kambini na hakina kona. Alikuwa amenusa tulichonusa sisi.

"Binti yangu, hiyo mashine inaonja?"

"Hapana, mzee. Inapitisha mwanga tu."

"Inanusa?"

"Hainusi."

"Basi imejuaje kwamba mle ndani mna sukari?"

Nilimpa jibu la darasani: sukari huuzungusha mwanga kuelekea kulia, na kadiri inavyozidi ndivyo mwanga unavyozidi kuzunguka. Akashukuru, akachukua karatasi yake, akaenda zake. Jibu lilikuwa sahihi. Lakini tangu siku ile limenikaa kooni kwa wiki kadhaa, kwa sababu kila nilipolirudia kichwani niliona mahali ambapo mtu makini angeuliza tena.

## Kinachozunguka ni nini

Mwanga haupindi njia. Unaingia upande mmoja wa tyubu na kutokea upande wa pili ukiwa umenyooka vilevile. Kinachobadilika ni mkao wa wimbi lake. Mwanga wa kawaida huyumba kila upande. Ukipita kwenye kichujio cha kwanza cha polarimita, unabaki ule unaoyumba katika bapa moja tu. Bapa hilo ndilo linalozungushwa na juisi, na kichujio cha pili ndicho kinachotuambia limezungushwa kwa pembe gani.

Sisi wa viwanda vya sukari tuna kipimo chetu. Gramu 26 za sukrosi safi, yaani sukari ya mezani, maji mpaka mililita 100, tyubu ya milimita 200, joto la digrii 20: hiyo ndiyo 100 kwenye skeli yetu. Kwa pembe halisi, chini ya mwanga wa njano wa taa ya sodiamu, ni digrii 34.6 hivi. Kila mahali miwa inaposagwa hapa Uganda, Busoga, Lugazi na Bunyoro, kuna mtu anayeisoma namba hiyo mchana na usiku.

Sasa shaka yangu ilikuwa hii. Ndani ya tyubu hakuna mpangilio wowote. Molekuli za sukari zinaogelea, zinapinduka, zinagongana na maji, nyingine zimelala, nyingine zimesimama, nyingine kichwa chini. Kama moja inauzungusha mwanga kulia, kwa nini nyingine iliyogeuka isiurudishe kushoto? Kwa nini vurugu lote lile lisitoe sifuri?

Nilisoma kemia miaka mingi bila kuona swali hili limeandikwa popote kwenye madaftari yangu. Tulikariri kwamba kaboni yenye vikundi vinne tofauti vya atomu huuzungusha mwanga, tukafaulu, tukaendelea.

## Pedali ya kushoto

Jibu nililipata kwa fundi baiskeli karibu na geti.

Alikuwa akihangaika na kijana aliyeleta pedali mpya, akijaribu kuiingiza upande wa kushoto na nyuzi zikigoma. Fundi akamwonyesha: pedali ya kulia hukazwa kwa kuizungusha jinsi mishale ya saa inavyokwenda, ya kushoto kinyume chake. Kijana akaigeuza ile ya kulia mbele nyuma, juu chini, kana kwamba atapata mkao utakaokubali. Fundi akamwacha ajaribu kidogo, kisha akamwambia, "Hata uigeuze mpaka jioni, hiyo itabaki ya kulia."

Nilisimama pale barabarani nikahisi kitu kimefunguka.

Nyuzi za skrubu ya kulia ni za kulia ukizitazama kutoka kichwani, na ni za kulia ukizitazama kutoka mkiani. Mkao wake hauubadilishi upande wake. Mwaga ndoo nzima ya skrubu za kulia sakafuni, zilale ovyo wee, hutapata hata moja iliyogeuka ya kushoto. Molekuli ya sukrosi nayo iko hivyo. Kila moja huuzungusha mwanga kwa kiasi kinachotegemea jinsi ilivyolala wakati huo, lakini ukizijumlisha zote, wastani hauwezi kuwa sifuri, kwa sababu zote zina upande mmoja.

Maji je? Molekuli moja ya maji, ikilala mshazari, inaweza kuuchezea mwanga kidogo. Lakini mahali fulani ndani ya tyubu ipo nyingine iliyolala kama taswira ya ile ya kwanza kwenye kioo, na hiyo inaurudisha mwanga ulipotoka. Maji yanaweza kufanya hivyo kwa sababu molekuli yake na taswira yake ya kwenye kioo ni kitu kilekile. Kuigeuza tu kunatosha. Sukrosi haiwezi. Taswira yake ya kwenye kioo ni dutu nyingine kabisa, na huifikii kwa kugeuza, unaifikia kwa kuvunja vifungo na kujenga upya.

Tabia hiyo ndiyo wanakemia wanaiita kairaliti, na jozi ya molekuli kama hizo ni enantioma. Huchemka kwenye joto lilelile, huyeyuka kwenye joto lilelile, zina uzito uleule. Mizani haizitofautishi. Mwanga uliochujwa huzitofautisha.

## Mzee na kijana, Paris

Jean-Baptiste Biot aligundua mwaka 1815 kwamba tapentaini na maji ya sukari huuzungusha mwanga. Kabla ya hapo ilijulikana kwa fuwele za kwatzi tu, na watu walidhani siri iko kwenye mpangilio wa fuwele. Biot alifika mbali zaidi, akajaribu mvuke wa tapentaini, nao ukauzungusha. Mvuke hauna mpangilio wowote. Kwa hiyo siri imo ndani ya molekuli yenyewe. Yaani shaka iliyonisumbua mimi ndiyo iliyomwongoza yeye, na kipimo chetu cha sukari kimetokana na kazi yake.

Mwaka 1848 akaja kijana wa miaka 25, Louis Pasteur, akidai ametatua fumbo la asidi mbili zinazopatikana kwenye mapipa ya divai. Zilifanana kwa kila kipimo cha kemia, ila moja huuzungusha mwanga na nyingine haifanyi chochote. Pasteur alitengeneza chumvi ya sodiamu na amonia kutoka kwa ile isiyofanya chochote, akaiacha itoe fuwele, akaziangalia kwa makini. Baadhi zilikuwa na vipande vidogo vya uso vilivyoegemea kulia, nyingine kushoto. Akaketi na kibanio akazitenga moja moja, marundo mawili. Akayeyusha kila rundo peke yake. Moja likazungusha kulia, jingine kushoto, kwa kiasi sawasawa.

Biot, mwenye miaka 74, hakumwamini kwa maneno. Alimwita kwake, akampa asidi yake mwenyewe, akamsimamia akiandaa, na kupima akapima kwa mkono wake. Mwanga ulipozunguka, akamshika kijana mkono akamwambia kwamba amependa sayansi maisha yake yote kiasi kwamba jambo hili linamdundisha moyo.

Kuna jambo dogo ninalolipenda kwenye kisa hiki. Chumvi ile hujitenga katika fuwele za aina mbili ikiwa tu joto liko chini ya digrii 27 hivi. Juu ya hapo, kulia na kushoto huingia pamoja kwenye fuwele moja na kibanio hakisaidii. Hali ya hewa ya Paris ilimpendelea Pasteur. Mchana wa jua kali hapa Jinja, angeweza kutazama fuwele zake mpaka macho yaume asione kitu.

## Kulia kwa nani?

Mwaka 1874 Jacobus van 't Hoff, kijana wa miaka 22 kutoka Uholanzi, na Mfaransa Joseph Le Bel, kila mmoja kivyake, walieleza chanzo: kaboni hushika majirani wanne waliotawanyika pande zote, si kwenye karatasi bapa, na majirani hao wakiwa tofauti wote wanne, kuna njia mbili za kuwapanga. Mkemia mkubwa wa Ujerumani, Hermann Kolbe, alimdhihaki van 't Hoff hadharani mwaka 1877, akimkejeli kwamba ni mtu wa chuo cha mifugo anayeota ndoto. Mwaka 1901 van 't Hoff alipewa Nobel ya kwanza kabisa ya kemia.

Hapo ningetegemea mambo yawe yamekwisha. Hayakuwa yamekwisha, na sehemu hii ndiyo iliyonikosesha usingizi.

Mwanga unakuambia kwamba dutu ina upande. Haukuambii ni upande upi. Ukiona polarimita imesoma kulia, huwezi kuchora molekuli ukasema kikundi hiki kiko hapa na kile kiko pale. Mfano uko kwenye meza yangu kila siku. Glukosi na fruktosi, sukari mbili ndogo zinazoungana kuwa sukrosi, ni za familia moja ya umbo, zote huandikwa D, lakini glukosi huuzungusha mwanga kulia na fruktosi huuzungusha kushoto, tena kwa nguvu: digrii 92 hasi kwa kipimo ambacho sukrosi ina 66.5 chanya. Herufi ya umbo na mwelekeo wa mwanga ni mambo mawili mbalimbali.

Emil Fischer alipopanga umbo la glukosi mwaka 1891, alijua kila kaboni inahusianaje na mwenzake. Kitu kimoja tu kilimshinda: kati ya mchoro wake na taswira yake ya kwenye kioo, upi ndio sukari yenyewe? Hakukuwa na jaribio lolote duniani la kumjibu. Akachagua mmoja. Kazi zote zilizofuata, za sukari na za asidi za amino, zikajengwa juu ya uchaguzi ule.

Fischer alifariki mwaka 1919 bila kujua.

Mwaka 1951, huko Utrecht, Johannes Bijvoet na wenzake walitumia eksirei kwa namna mpya kwenye chumvi ya asidi ileile ya Pasteur, wakaona kwa mara ya kwanza upande halisi wa molekuli. Fischer alikuwa amechagua sawa. Najiuliza ingekuwaje kama angechagua kinyume: kila mchoro wa sukari kwenye kila kitabu cha miaka 60 ungepaswa kugeuzwa.

## Namba moja, mambo mengi

Sasa turudi kwenye juisi iliyochacha, maana ndiko nilikoelewa kile ambacho mzee alikuwa akikiuliza.

Polarimita haipimi sukrosi. Inapima jumla. Kila kitu chenye upande kilichomo ndani ya tyubu kinauvuta mwanga, hiki kulia, kile kushoto, na kinachotufikia ni tofauti iliyobaki.

Muwa ukikatwa na kulala, hasa kwenye unyevu na joto, bakteria aitwaye Leuconostoc huingia. Anakula sukrosi, na kutokana na nusu yake ya glukosi anafuma mnyororo mrefu uitwao dekstrani. Mvutiko ule wa juisi kwenye bika ni yeye. Dekstrani huuzungusha mwanga kulia karibu mara tatu ya sukrosi. Fruktosi inayobaki ingetakiwa kuvuta kushoto na kupunguza uongo, lakini bakteria huyohuyo huigeuza sehemu yake kuwa manitoli, ambayo haiushughulishi mwanga karibu kabisa. Kwa hiyo sukari imeliwa, na namba bado inasema ipo.

Ukweli hutokea baadaye, kwenye masufuria ya kuchemshia. Rojo linakuwa zito, linachelewa kuganda, na fuwele zinatoka ndefu na nyembamba badala ya kuwa na umbo linalokaribia mchemraba. Wapishi wa sukari hawahitaji polarimita kujua kwamba miwa ya siku ile ilikuwa imelala.

Kuna namna nyingine namba inavyoweza kukupoteza. Yeyusha glukosi safi ya aina ya alfa sasa hivi, upime haraka: karibu 112 kwa kipimo kilekile cha sukrosi 66.5. Ngoja. Inashuka polepole, mpaka 52.7, inasimama hapo. Hakuna kilichoharibika. Pete ya molekuli inafunguka na kujifunga tena, wakati mwingine kwa umbo la beta lenye 18.7 tu, mpaka aina mbili zinapofikia uwiano wao. Ukiisoma mapema, umesoma kitu ambacho baada ya muda hakitakuwapo.

Hapo ndipo nilipoacha kukiamini kisa cha thalidomide, dawa ya kutuliza, jinsi kinavyosimuliwa mashuleni. Dawa ile iliingia sokoni Ujerumani Magharibi mwaka 1957 na kuondolewa mwaka 1961, baada ya kuharibu viungo vya watoto zaidi ya 10,000 wakiwa tumboni. Tunafundishwa kwamba ilikuwa mchanganyiko wa enantioma mbili, moja nzuri na moja mbaya, na kwamba kama wangeuza ile nzuri peke yake watoto wangesalimika. Si kweli. Ndani ya mwili aina hizo mbili hubadilikana, moja ikawa nyingine, kwa saa chache tu. Kuzitenga kiwandani kusingewaokoa. Naona uchungu kwamba kisa chenye maumivu makubwa namna ile kimekatwakatwa ili kitoshe kwenye swali la mtihani.

## Sifuri

Mzee alirudi na mzigo mwingine, miwa mibichi safari hii. Nilimweleza habari ya pedali, na yeye, mtu aliyetengeneza baiskeli zake mwenyewe maisha yake yote, aliikubali kabla sijamaliza sentensi. Kisha akauliza lile ambalo sikulitegemea.

"Na muwa wenyewe unachaguaje upande?"

Molekuli ya sukrosi ina kaboni 9 zenye majirani wanne tofauti. Kila moja ina njia mbili, kwa hiyo mipango yote ni 512. Muwa hutengeneza mmoja tu. Shamba la Busoga, la Brazil, la India, mpango ni uleule. Kama mtu angeijenga sukari kutoka kaboni na maji kwenye chupa, bila kiumbe hai wala kitu kilichotoka kwa kiumbe hai, kulia na kushoto zingetoka sawasawa na polarimita ingesoma sifuri. Tyubu ingekuwa imejaa, na namba ingekuwa sifuri.

Ndivyo ilivyo kwa lumefantrini, nusu moja ya dawa mseto ya malaria ambayo karibu kila nyumba Uganda imewahi kuimeza. Inatengenezwa kiwandani, pande zote mbili ziko sawa, na mwanga unapita kana kwamba hakuna kitu. Mwenzake artemeta ana upande, kwa sababu kiini chake, artemisinini, kimetoka kwenye mmea.

Muwa una upande kwa sababu vimeng'enya vyake, yaani protini zinazoijenga sukari, vina upande, na vimeng'enya vina upande kwa sababu asidi za amino zinazovijenga karibu zote ni za upande mmoja, unaoandikwa L, kuanzia bakteria mpaka mimi na mzee. Glukosi ya kushoto ikitengenezwa maabara, ulimi huisikia tamu, lakini mwili hauitumii na hamira haiichachushi. Namba inayowaka kwenye mashine yangu ni alama ya kitu kilichowahi kuwa hai.

Lakini kwa nini upande huu? Kimondo kilichoanguka Murchison, Australia, mwaka 1969 kilibeba asidi za amino, na baadhi yake, ikiwemo isovalini ambayo viumbe hai karibu hawaitumii, zilikuwa na upande wa L umezidi kidogo. Huenda mizani iliegemea kabla dunia haijawa na uhai. Nilimwambia mzee kwamba hakuna ajuaye kwa hakika. Akasema hilo jibu amelipenda kuliko lile la kwanza.

## Jaribuni asali

Kwa wanaotaka kuona kwa macho yao: kikokotoo kilichokufa kina karatasi mbili za kuchuja mwanga, mbele na nyuma ya kioo chake. Bandua taratibu ile ya mbele, uikate vipande viwili, kwa sababu ya nyuma mara nyingi ina utando unaorudisha mwanga. Weka kipande kimoja chini ya glasi nyembamba yenye sehemu ya chini bapa, kingine juu, tochi chini kabisa. Bila kitu ndani, zungusha cha juu mpaka giza liingie, utie alama. Kisha mimina maji ya sukari, gramu 20 kwa kila mililita 100, kina cha sentimita 10. Mwanga utarudi, na giza lake utalipata ukizungusha digrii 13 hivi kulia, kwako wewe unayeutazama mwanga ukikujia. Halitakuwa giza kamili. Rangi zitatokea, kwa sababu bluu huzungushwa zaidi ya nyekundu.

Halafu chukua asali, ile inayoletwa Kampala kutoka Arua na kwingineko West Nile, uipunguze kwa maji. Iache usiku mmoja, kwa sababu ya glukosi na ule mshuko wake. Nyuki huikata sukrosi kuwa glukosi na fruktosi, na kwa kuwa fruktosi ni nyingi zaidi na ina nguvu zaidi, asali ya maua huuzungusha mwanga kushoto. Aliyeongeza maji ya sukari ameuvuta kulia.

Ikienda kulia, una haki ya kumuuliza muuzaji maswali. Ikienda kushoto, usimpongeze bado. Sukari ikichemshwa na ndimu hukatika vilevile, kutoka 66.5 kulia mpaka karibu 20 kushoto, na mbele ya mwanga hutaitofautisha na asali.